Mafuta ya Lishe na Nyama ya Ng'ombe

Kanda ya Ziwa, ng'ombe wa kunenepeshwa hulishwa mashudu na maganda ya mbegu za pamba. Mashudu yana protini, na mafuta kiasi hubaki humo. Je, mafuta hayo huingia kwenye nyama jinsi yalivyo?

La. Katika tumbo la kwanza, lile kubwa, bakteria huyageuza mengi kuwa mafuta magumu. Ndiyo maana supu ya ng'ombe ikipoa huganda juu, hata kama alilishwa alizeti. Machache hupenya: mbegu za kitani huongeza omega-3 kwenye nyama. Ila mafuta ya aina hiyo huwahi kuchacha, na wekundu wa nyama hufifia mapema buchani. Vitamini E kwenye lishe huchelewesha hayo.

Msizidishe. Mafuta yakipita takriban asilimia 6 ya chakula kikavu, bakteria wanaomeng'enya nyasi hulemewa, na ng'ombe hupunguza kula. Mashudu yanuseni kabla ya kulipa. Yenye ukungu yaacheni hapo hapo.

Na anayewauzia mafuta kwa ahadi ya nyama laini, mwulizeni kwanza umri wa ng'ombe. Maksai aliyezeekea kwenye plau halainiki kwa mashudu.