Onyo Bila Kufuatwa Halilindi Mtaa



Mtaa wa Makongeni, upande wa mashariki ya Nairobi, ulijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Nyumba zake zilikuwa ndogo, lakini zilipangwa kwa safu, na kati yake paliachwa nafasi ya njia na hewa. Miaka ilivyopita, nafasi hizo ziliingiliwa na vibanda vya mabati. Mwaka 2025 wakazi walianza kuhama ili pajengwe nyumba mpya za ghorofa. Lakini yafaa ifahamike kwamba kuta mpya peke yake hazilindi mtaa. Yaliyouharibu wa zamani yaweza kuuharibu hata mpya.

Sheria zipo. Sheria ya Afya ya Umma, iliyowekwa tangu mwaka 1921, yamkataza mtu kuacha uchafu unaodhuru afya katika nyumba au kiwanja chake. Bwana Afya akiona kosa, humpa mhusika hati ya kumtaka aliondoe kwa muda uliotajwa. Asipotii, hushtakiwa mbele ya hakimu. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya ardhi nayo yakataza kujenga bila ya kibali cha kaunti, na faini yake yaweza kufika shilingi 500,000.

Upungufu umo katika kuzitimiza. Tarehe 29 Aprili 2016, wakati wa mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita iliyojengwa kando ya mto huko Huruma, katika upande huo huo wa mji, ilianguka. Watu wapatao 50 walikufa. Nyumba hiyo ilikwisha kutiwa alama kuwa ibomolewe, lakini wapangaji walikuwa wangali ndani.

Basi kazi ya maofisa ni kukagua mapema, kosa lingali safu mbili za mawe. Kulifuata onyo lao mpaka mwisho. Na kuwapima kwa kipimo kimoja mwenye jumba na mwenye kibanda. Ofisa apokeaye hongo ili afumbe macho huuza usalama wa mtaa mzima.

Wakazi nao wasinyamaze. Mfereji ukiziba, au mtu akianza kujenga juu ya njia, wapeleke habari kwa maandishi katika ofisi ya kaunti, wakitaja mahali na tarehe, na nakala wabaki nayo. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huruma haukubaki hata wakati wa kuujenga.