Nani Atamalizia Ile Mada ya Umeme?

(Muziki wa kipindi. Unashuka.)

Nazungumza nanyi nyote mnaotusikiliza hapa Kakuma na kule Kalobeyei, na wewe utakayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo baada ya kipindi. Leo nazungumza hasa na wewe uliyemaliza kidato cha nne, au unayekaribia kumaliza, na hesabu hazikukutesa sana. Wengine msizime redio, huenda mtu wa namna hiyo mnaye nyumbani.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa fizikia alikuwa mkimbizi kama sisi. Jumatatu alitufundisha nusu ya mada ya umeme. Wiki ileile jina lake likatoka kwenye orodha ya safari, akaondoka. Tulimpigia makofi mpaka akalia. Lakini ile nusu ya pili hatujaipata hadi leo. Mihula miwili tulinakili kitabu kimoja: mwenye mwandiko mzuri anaandika ubaoni, sisi tunafuata, hakuna anayeelewa. Kwenye mtihani nikapata D. Mwalimu simlaumu, nani angeikataa safari? Shida ni kwamba nyuma yake hakukuwa na mtu.

Sasa, kuna skolashipu inaitwa DAFI. Ilianza 1992, mwaka uleule kambi yetu ilipofunguliwa. Inasimamiwa na UNHCR, na tangu mwanzo serikali ya Ujerumani ndiyo imekuwa ikitoa pesa, baadaye wengine wakaongezea. Inasaidia karo ya chuo, vitabu, malazi, chakula na nauli, na unasoma humuhumu Kenya. Kwa kawaida wanataka uwe umetambuliwa kuwa mkimbizi, umemaliza sekondari kwa alama nzuri, hujapita miaka 28 unapoanza masomo, na huna njia nyingine ya kujilipia. Fomu hailipiwi. Mtu akikuambia umpe kitu kidogo ili jina lako lipite, huyo ni mwizi, hata kama mnasali pamoja.

DAFI haikulazimishi kusomea ualimu. Unachagua mwenyewe, na hapo ndipo ninapotaka kukuomba jambo. Nikiwauliza vijana wa bloku yetu wanataka kusomea nini, nasikia uuguzi, biashara, kompyuta. Ualimu wa hesabu, kimya. Na sababu naijua, tusifichane. Mkimbizi akifundisha kambini hulipwa insentivu, na mwenzake Mkenya wa darasa la pili analipwa mshahara. Kazi ni ileile, chaki ni ileile. Mtu amehangaika miaka minne chuoni, halafu arudi kwenye insentivu? Mama yangu aliniambia, "Mwanangu, insentivu inaisha kabla ya unga." Sina jibu la kumpa mama.

Lakini sikia wengine wanavyofanya. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, walianzisha ufadhili uliopewa jina la Robert Noyce, mmoja wa waliobuni chipu za kompyuta na waliounda kampuni ya Intel. Pesa hupewa vyuo vikuu, na vyuo ndivyo huchagua wanafunzi wa hisabati, sayansi na uhandisi wanaotaka kuwa walimu. Sharti lake lina meno: kila mwaka uliolipiwa, unadaiwa miaka miwili ya kufundisha katika maeneo ya shule yenye uhitaji mkubwa. Usipofundisha, skolashipu inageuka mkopo, unaulipa. Siwaambii haya ili muanze kuota safari, maana mnajua mpango wa kuwapokea wakimbizi kule ulisimamishwa Januari 2025. Nawaambia kwa sababu hata nchi tajiri inakosa walimu wa fizikia, na imeona kwamba kumsomesha mtu bila kumfunga kwa ahadi hakutoshi.

Mimi ningependa kuona skolashipu ya aina hiyo kwa ajili ya shule za kambi. Lakini wenye pesa nao wafungwe. Kule mwalimu anayetimiza miaka yake analipwa mshahara wa mwalimu. Ukinidai miaka minane ya kufundisha halafu unipe insentivu, hiyo si ahadi, ni kamba. Nawaomba wanaopanga bajeti za elimu, kama mnatusikia, mlizungumze hili mbele yetu, si kwenye semina tu.

Wakati tunangoja, wewe wa kidato cha tatu una kazi ya kufanya sasa. Ili usomee shahada ya ualimu wa sekondari hapa Kenya unahitaji C+ kwa jumla, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Rudia: mawili. Hisabati peke yake haitoshi, ishike pamoja na fizikia, kemia au baiolojia. Wengi mnaacha fizikia kwa sababu mwalimu hayupo, na hapo mlango umeshajifunga kabla hujajua upo. Dada zangu, hili nawaambia ninyi mara mbili. Mimi katika sekondari yote sikuwahi kufundishwa sayansi na mwanamke.

Na ikiwa ulifaulu hesabu na sasa unakaa tu nyumbani, njoo Jumamosi saa tatu asubuhi kwenye kibanda cha redio. Tumeanza kikundi cha marudio cha kidato cha tatu na cha nne. Tuna ubao mmoja, vitabu sita na wanafunzi thelathini na kitu. Tunayetafuta ni mtu wa kuwafundisha umeme, kuanzia pale katikati.

(Muziki.)