Tusiutupe Waraka wa Mkoloni: Kuusoma Upya Mkutano wa Juba wa 1947



Wapo wenzetu wanaofundisha kwamba waraka wa mkoloni ni uongo wa mkoloni, basi uwekwe kando, wazee wasikilizwe. Kauli hii hupigiwa makofi kila ukumbi. Mimi huletewa matunda yake kila muhula: insha zenye hasira nyingi na ushahidi haba.

Chukueni kumbukumbu za Mkutano wa Juba, uliojadili uhusiano wa Kusini na Kaskazini mwa Sudan, tarehe 12 na 13 Juni 1947. Sheria za wilaya zilizofungwa na Sera ya Kusini ya 1930, zilizotenganisha Kusini na Kaskazini, mnazijua, sitawachosha. Ni kweli kumbukumbu hizi ziliandikwa na serikali, na mwenyekiti alikuwa James Robertson, Katibu wa Serikali ya Sudan. Lakini anayezitupa kwa sababu hiyo anamwachia huru Robertson, maana shahidi mkali dhidi yake ni karatasi zake mwenyewe.

Someni siku ya kwanza. Chifu Lolik Lado wa Kusini, akijibu suala la kuungana na Kaskazini, anasema binti akiposwa huomba muda, asikie habari za mwanamume huyo kwa watu wengine, ndipo akubali. Mwandishi angeweza kuandika tu kwamba chifu aliomba muda, akaendelea. Hakufanya hivyo, mfano umeandikwa, nami siachi kuurudia. Kwa nini posa? Kwa sababu posa ina majibu matatu: ndiyo, hapana, na ngojeni kwanza. Chifu alichagua la tatu. Serikali haikuwa na mahali pa kuliweka. Tena hakuna mwanamke aliyeketi kikaoni, ingawa hoja nzito kuliko zote siku ile ilibebwa na binti wa mfano.

Sasa fungueni siku ya pili. Clement Mboro, mjumbe wa Kusini, amebadili msimamo: sasa anakubali kuingia baraza moja na Kaskazini. James Tembura naye amebadili, na anatoa sababu: Jaji Muhammad Salih Shingeiti wa Kaskazini amemwambia kwamba wasipoingia katika baraza la kutunga sheria, hawatakuwa na sauti katika serikali ijayo. Haya yameandikwa na mkoloni huyohuyo tunayeambiwa alificha kila kitu! Kisha linganisheni kumbukumbu hizo na waraka wa Robertson wa tarehe 16 Desemba 1946, unaosema Kusini imefungamana na Kaskazini. Tarehe hizo mbili zinatosha. Njia ilikwisha kuchorwa miezi sita kabla ya wajumbe kuketi. Robertson mwenyewe, katika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa 1974, alikana kwamba mkutano ule ungeweza kuamua lolote, kwa kuwa wajumbe hawakutumwa na watu wao.

Yaliyosemwa usiku kati ya vikao hayamo katika kumbukumbu za mkutano, na hapo mzee anahitajika. Jioni moja Hai Jalaba, mtaa wa Juba, kwa mama muuza chai, mzee mmoja alinisimulia usiku ule: nani alimfuata nani, nani aliahidiwa nini. Nikamuuliza alisikia kwa nani. Akajibu, “Kila mtu anajua.” Alizaliwa baada ya mkutano. Simulizi yake nimeiandika na ninaitunza, lakini inanieleza zaidi jinsi Juba ilivyokumbuka 1947 baada ya vita viwili vya wenyewe kwa wenyewe, kuliko kilichotokea usiku wenyewe. Mzee naye ni chanzo. Naye aulizwe alikuwa wapi, kama tunavyomuuliza karani.

Mtasema naupenda waraka kupita kiasi. Naupenda. Wafanyabiashara wa kaskazini waliouachia jina lao mtaa huo wa Hai Jalaba hawamo miongoni mwa wajumbe, na pengo hilo nimeligundua kwa kusoma orodha ya waliohudhuria. Nisingeliona kama ningeitupa.

Basi wanafunzi, insha itakayofika mezani kwangu ikiwa na maneno “Mkutano wa Juba uliamua” nitairudisha bila alama. Andikeni nani aliamua, tarehe gani, na mmeyasoma hayo katika karatasi ipi.