Masharti ya Kukamilisha Shahada ya Uzamivu katika Utafiti wa Afya: Funzo kutoka Karagwe

Maandishi ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba



Ni desturi kumpongeza mtumishi siku anapovaa joho na kuitwa Daktari wa Falsafa. Pongezi hizo ni haki yake. Hata hivyo, inafaa ieleweke kwamba masharti ya shahada ya uzamivu katika utafiti wa afya hayadaiwi na Chuo Kikuu peke yake. Mengine hudaiwa na Serikali, na mengine ni deni kwa wananchi waliotoa damu yao na muda wao ili utafiti uwepo.

Mfano mwema unapatikana Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden, waliwapima wakaazi wa mkoa huo. Miongoni mwa watu wazima, maambukizi yalikuwa asilimia 24.2 katika mji wa Bukoba, na asilimia 4.5 Karagwe, wilaya yenye kata ya Nyaishozi. Kutokana na kazi hiyo Watanzania wawili, Japhet Killewo mwaka 1994 na Gideon Kwesigabo mwaka 2001, walitunukiwa shahada ya uzamivu huko Umeå. Vipimo vilivyorudiwa vilionyesha kuwa maambukizi yalishuka hadi asilimia 13.3 mjini Bukoba mwaka 1996, na asilimia 2.6 Karagwe mwaka 1999.

Hapa ndipo sharti la kwanza linapoonekana, nalo ni elimu mpya iliyothibitishwa. Kuhesabu wagonjwa hakutoshi. Idadi ya walioambukizwa yaweza kupungua kwa sababu wengi wamekufa, na si kwa sababu maambukizi mapya yamepungua. Mtahiniwa wa uzamivu sharti aitenge sababu moja na nyingine, kwa mfano kwa kuwaangalia vijana, ambao maambukizi yao ni ya karibuni, na kwa kuwafuatilia watu walewale kwa miaka. Aidha, sharti ajue mipaka ya takwimu zake. Wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kwa hiyo takwimu ya Karagwe ya mwaka 1987 hailingani na ya Karagwe ya leo mpaka eneo la Kyerwa lizingatiwe. Asiyeliona jambo hilo atadanganyika, na atawadanganya wanaopanga bajeti ya dawa.

Sharti la pili ni idhini. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini afya si jambo la Muungano. Kwa ajili hiyo, mtumishi wa Zanzibar anayesoma chuo cha Tanzania Bara na kufanya utafiti wake visiwani hupeleka maombi kwa Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Akienda kufanya utafiti Karagwe, idhini hutoka kwa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979. Cheti cha chuo chake hakiondoi wajibu huo.

Sharti la tatu ni ridhaa. Mtafiti akifika Nyaishozi na barua zake, atapita kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa Mtendaji wa Kata na kwa viongozi wa kijiji. Lakini ruhusa ya viongozi si ridhaa ya wananchi. Mzee anayezungumza Kinyambo sharti aelezwe kwa lugha anayoielewa: damu itachukuliwa kiasi gani, itapimwa nini, itahifadhiwa wapi, na kwamba anaweza kukataa au kujitoa wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Data iliyokusanywa bila ya ridhaa haistahili kujenga tasnifu, hata ikiwa hesabu zake ni sahihi.

Sharti la nne ni tasnifu na mtihani wake. Katika vyuo vyetu tasnifu husomwa na watahini wa ndani na wa nje, kisha mtahiniwa huitwa kuitetea kwa mdomo. Huko Sweden, kwa desturi ya zamani, tasnifu hupigiliwa msumari mahali pa wazi wiki tatu kabla ya utetezi, ili kila mtu apate kuisoma. Kisha mpinzani aliyeteuliwa humhoji mtahiniwa hadharani, na kamati ya watu watatu au watano huamua kama amefaulu au la. Njia ni mbalimbali, lakini makusudio ni mamoja: elimu isiyoweza kuhojiwa haitunukiwi shahada.

Sharti la tano ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ni kurejesha matokeo. Kibali cha utafiti wa afya cha Tanzania Bara humtaka mtafiti apeleke taarifa ya maendeleo kila miezi sita, si Wizarani na kwa Taasisi tu, bali pia kwa Mganga Mkuu wa Mkoa na wa Wilaya. Humtaka apate ruhusa kabla ya kuchapisha, na atoe nakala za machapisho yake. Kuvunja masharti hayo ni kosa kisheria.

Pamoja na hayo, taarifa ikifika ofisini na kufungiwa kabatini, sharti limetimizwa kwa karatasi tu. Chuo kitakuwa kimepata kitabu na mtumishi amepata cheo, lakini mama wa Nyaishozi aliyetoa mkono wake uchomwe sindano hatajua kama kijiji chake kimo hatarini au kimepona. Siku atakapokuja mtafiti mwingine, mama huyo atafunga mlango, naye atakuwa na haki.

Kwa mintarafu hiyo, watumishi wa afya katika wilaya na shehia wanahimizwa kutunza daftari la kila utafiti unaoingia katika maeneo yao: jina la utafiti, namba ya kibali, tarehe ya kwisha kwake na tarehe ya taarifa inayofuata. Wakuu wa ofisi wanaowapa watumishi ruhusa ya masomo wanashauriwa kuuliza, wakati mtumishi anaporejea, si shahada pekee bali pia muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili. Nao wananchi wanakumbushwa kwamba kuuliza kibali si utovu wa adabu, na kudai matokeo si kumsumbua msomi.