Cairo ya Illinois: Tusiusingizie Mto

Cairo, mji mdogo wa Illinois pale mto Ohio unapoingia Mississippi, ulikuwa na wakazi zaidi ya 15,000 mwaka 1920. Sensa ya 2020 ilihesabu 1,733. Inasemwa madaraja yaliua feri, na feri ndizo zilizoulisha mji. Lakini daraja la reli lilikamilika mwaka 1889, na watu wakazidi kuongezeka kwa miaka thelathini. Anguko kubwa lilikuja kati ya 1960 na 1970, karibu theluthi ya wakazi ilipotoweka. Hiyo ndiyo miaka ambayo bwawa la kuogelea lilifungwa ili Weusi wasiogee na Wazungu, na wenye maduka, waliposusiwa kuanzia 1969 kwa kutowaajiri Weusi, baadhi wakaona heri wafunge kuliko kukubali.

Atapinga mtu kwamba barabara kuu mpya iliukwepa mji. Kweli, ila daraja lake juu ya Mississippi lilifunguliwa mwaka 1978, mji ukiwa umeshapwaya. Tena Paducah, jirani yake kwenye Ohio, nayo ilipoteza biashara ya mto, na bado ina watu zaidi ya 25,000, ingawa yenyewe, tuseme haki, ilibebwa pia na kiwanda cha urani.