Maneno Waliyoambiwa Waalimu Siku ya Yubile



Nimeagizwa niseme habari za kuandika, kwa kuwa ndimi niliyepewa daftari zenu za habari za mitaa, nizisome na kuzitengeneza kabla hazijapigwa chapa. Nimezisoma zote. Lakini kabla sijasema neno juu yake, nataka kuwaeleza habari za John Bunyan, ambaye hadithi yake ya msafiri aliyeuacha Mji wa Uharibifu wengi wenu mmeisoma kwa Kiswahili.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1628 katika Elstow, kijiji karibu na mji wa Bedford, Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria yaliyotoboka, naye akaishika kazi iyo hiyo, akizunguka na vyombo vyake nyumba kwa nyumba. Alipooa mara ya kwanza walikuwa maskini hata hawakuwa na sahani wala kijiko. Mkewe alikuja na vitabu viwili tu, urithi wa baba yake. Hata siku moja, akiwa kazini Bedford, aliwakuta wanawake watatu au wanne, maskini, wameketi mlangoni wakiota jua na kuzungumza mambo ya Mungu. Akasogea asikilize, maana alijiona hodari wa maneno ya dini. Akatambua ya kuwa wale walijua jambo asilolijua yeye.

Mwaka 1660 alitiwa gerezani kwa kuhubiri pasipo ruhusa. Nasi tusifiche: sheria iliyomfunga ililitetea Kanisa la Uingereza, ambalo sisi tu watoto wake. Alikaa humo miaka 12. Angaliweza kutoka mapema kama angaliahidi kuacha kuhubiri, hakuahidi. Alikuwa na watoto wanne, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Bunyan mwenyewe aliandika ya kuwa huyo ndiye aliyemwumiza moyo kupita wote. Ili wapate chakula, alikaa gerezani akitia ncha za chuma katika kamba za viatu, maelfu kwa maelfu, zikauzwa.

Basi alipomaliza hadithi yake aliwaonyesha rafiki zake, nao wakagawanyika. Wengine walisema, Ipigwe chapa. Wengine walisema, La, haifai mtu wa Mungu kutunga mambo yasiyokuwapo. Neno hili nasi twalijua. Nilipokuwa kijana shuleni niliandika kisa cha mvushaji wa mtumbwi, na mwalimu mmoja akanirudishia karatasi akisema, Mkristo haandiki uongo. Bunyan aliwajibu ya kuwa manabii walinena kwa mafumbo, na Bwana wetu kwa mifano. Akaipiga chapa mwaka 1678. Leo imefasiriwa katika lugha zaidi ya 200.

Nami naona haikupendwa kwa sababu ya mafundisho peke yake, maana vitabu vya mafundisho vilikuwako tele. Tope ambalo msafiri anazama mwanzo wa safari ni tope kweli. Mtu yeyote aliyesukuma baisikeli katika masika alijua mara moja. Jirani wanaomwita arudi husema kama jirani. Soko lina kelele za soko. Tena kuna mto wa mwisho, ambao hauna daraja. Huyu msafiri, aliyepigana na kushinda njia nzima, akiingia majini anashikwa na hofu, anazama, anasahau yote aliyoahidiwa. Mwenzake Tumaini ndiye anayemshika kichwa kisizame. Bunyan angaliweza kumvusha akiimba. Hakufanya hivyo.

Ndugu zangu, mama yangu alipokufa niliandika katika kitabu cha mtaa ya kuwa alilala kwa amani, akimsifu Mungu. Sivyo ilivyokuwa. Usiku ule alinishika mkono akaniuliza mara mbili kama kweli yuko mtu ng'ambo. Nami, mwalimu wa miaka mingi, sikujua la kumjibu. Shangazi yangu ndiye aliyemwinua kichwa, akakiweka mapajani pake, akamwimbia polepole hata kukapambazuka. Lile neno zuri niliandika kwa sababu niliona haya, kwa ajili yake na kwa ajili yangu. Na kwa kuandika hivyo nilimfuta shangazi pamoja na wimbo wake.

Sasa nirudi kwa daftari zenu. Karibu zote zasema, Mungu alitubariki, kanisa likajengwa. Ni kweli, namshukuru Mungu. Lakini nani alibeba mawe? Nani alikataa kubeba, na kwa nini? Wazee waliojua wamebaki wachache, na mwaka huu tumewazika wawili. Tena msione haya kuandika bei ya bati, au ugomvi juu ya kiwanja. Habari za ugomvi wa kiwanja, nawaambia kweli, zilinifurahisha kuliko hotuba zote mlizonakili.

Katika daftari moja nilikuta mistari iliyofutwa. Wino wa kufutia ulikuwa hafifu, nikaweza kusoma: mama mmoja alifiwa na watoto wawili kwa ndui katika juma moja, na Jumapili tatu aliketi nje ya mlango wa kanisa, asiingie, asiende zake. Nilimwendea mwalimu aliyeandika, naye akanipeleka kwa mama mwenyewe, ambaye sasa ni bibi mzee. Tukamwuliza kama habari hiyo iandikwe. Alinyamaza kitambo, akichambua mboga zake. Kisha akasema, Iandikeni, lakini mwandike pia ya kuwa Jumapili ya nne alitoka mke wa mwalimu akaja kuketi nami pale nje.