Supamaketi Ikifungwa, Nani Anakosa Chakula?



Nilipoombwa kutoa mhadhara huu nilikusudia kuzungumzia historia ya masoko ya nafaka ya Dar es Salaam. Nilibadili nia baada ya semina moja ambapo mtaalamu mgeni alionyesha ukutani ramani ya jiji letu. Sinza, Mwenge na sehemu ya Ubungo zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu, na maelezo ya pembeni yakasema: jangwa la chakula. Sababu yake ni kwamba supamaketi kubwa ya karibu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo wakazi wa hapo walihesabiwa kuwa wamewekwa mbali na chakula. Ukumbi mzima uliinama ukaandika. Hakuna aliyeuliza watu wa Sinza walikula nini jana yake.

Historia ya karibuni ya supamaketi zetu mnaijua, sitawachosha nayo. Supamaketi ya Shoprite iliingia nchini 2001, na kituo cha maduka cha Mlimani City kilipofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo hiki Shoprite ilikuwa miongoni mwa wapangaji wake wakubwa. Mwaka 2014 maduka ya Shoprite yakachukuliwa na supamaketi ya Nakumatt. Supamaketi ya Uchumi ilifunga milango yake Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Januari 2018 mahakama ya Kenya iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi, na Agosti 2021 wenye maduka ya Game wakatangaza kwamba wanaondoka Afrika Mashariki. Kila mara tuliambiwa jiji limepata pigo. Nauliza: pigo lilimpata nani?

Kipimo kilichotumika kwenye ramani ile kina kwao. Dhana ya jangwa la chakula ilianza Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wizara ya Kilimo ya Marekani ikaifanya hesabu: katika eneo la mjini lenye kipato cha chini, mkazi aliye zaidi ya maili moja, yaani kama kilomita 1.6, kutoka supamaketi au duka kubwa la vyakula anahesabiwa kuwa mbali. Huko sina ugomvi nayo. Katika baadhi ya mitaa ya Detroit maduka madogo ya vyakula yalikufa miaka mingi iliyopita, watu wakazoea kununua vya wiki nzima kwa gari. Supamaketi ya mwisho ikifungwa, bibi asiye na gari anabaki na chipsi na soda za kituo cha mafuta. Ile ni njaa ya kweli na inastahili ramani.

Tatizo ni kuuchukua mkanda ule wa kupimia na kuutandaza Sinza. Kwenye rangi nyekundu ile mna magenge karibu kila kona, mabucha, maduka ya Mangi, yaani muuza duka dogo wa mtaani, na soko la Mwenge. Mwendo mfupi wa bodaboda kuna Tandale kwa nafaka na Mabibo kwa ndizi na matunda. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na alama kwenye ramani, kwa sababu aliyeichora aliamua kabla hajaanza kwamba chakula ni kile kinachouzwa chini ya bati kubwa lenye maegesho. Watafiti Jane Battersby na Jonathan Crush walishaonya mwaka 2014 kwamba katika miji ya Afrika dhana hii haina maana ikifungwa kwenye uwepo wa supamaketi, kwa kuwa kaya hapa zinapata chakula kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Mtu aliyesoma andiko lao hawezi kuchora ramani ile kwa dhamiri safi.

Najua nitajibiwa kwamba hii ni hali ya mpito. Dave Weatherspoon na Thomas Reardon waliandika mwaka 2003 juu ya kupanda kwa supamaketi Afrika, na wanafunzi wao wengi wakachukua kutoka hapo imani kwamba soko na genge ni mambo ya jana yanayosubiri kuzikwa. Nawaheshimu waandishi hao, lakini imani ile imepewa muda wa kutosha kujithibitisha. Nairobi ndiyo iliyopaswa kuwa mfano bora kuliko miji yote ya ukanda huu. Hata huko, watafiti wa Taasisi ya Tegemeo ya Chuo Kikuu cha Egerton walipopima mboga na matunda mabichi katika miaka ileile ya shangwe ya supamaketi, sehemu iliyopitia supamaketi haikufika asilimia 5. Baadaye Nakumatt ikaanguka, Tuskys ikafuata, Shoprite ikaondoka Kenya baada ya miaka kama miwili tu, na sukuma wiki ikaendelea kufika mezani.

Wapo wanaosema makampuni hayo yaliangushwa na uongozi mbaya na madeni, wala si kwa kukosa wateja. Nakubali kabisa. Ila swali langu halihusu kwa nini yalianguka. Linahusu kilichotokea jikoni asubuhi iliyofuata.

Asubuhi hiyo mhadhiri mwenzangu mwenye gari alihamia supamaketi ya Shoppers ya Mikocheni, akalalamika foleni. Jirani yake asiye na gari hakubadili chochote, kwa sababu kikapu chake hakikuwahi kuwa na mlango mmoja. Mchele na mafuta ni kwa Mangi, nyanya na mchicha gengeni, nyama buchani. Samaki ni sokoni Feri alfajiri kwa mwenye nafasi, au kwa kijana apitaye na baiskeli jioni. Mshahara ukitoka, anapanda daladala hadi Tandale akachukue sado kadhaa za maharage. Mgeni anayehamia mtaani hujifunza mtandao huu kwa mdomo. Humsikii akiuliza duka kubwa liko wapi. Anauliza, “Dada, hapa maharage yanayoiva haraka wanauza wapi?” Na jibu huja na maelekezo kamili, pamoja na jina la muuzaji wa kumwepuka.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye chanzo ninachokipenda kuliko vyote. Ni kaunta buku yenye jalada gumu, kurasa zimeingia mafuta ya kula na kona zimejikunja. Ni daftari la madeni la Mangi mmoja wa Sinza, aliyekubali nilisome akiwa amesimama pembeni yangu. Wateja hawakuandikwa kwa majina ya kwenye vitambulisho. Kuna Mama Pacha, Dada Geti Jekundu, Fundi Friji, Mwalimu wa Juu. Mbele ya kila mmoja: sembe nusu, sukari robo, mafuta ya mia tano, dagaa wa jero, kiberiti. Aliyelipa anapigwa mstari wa kalamu nyekundu. Aliyelipa nusu anaandikiwa “bado” na kiasi. Katikati ya mwezi maandishi yanabanana hadi pambizoni, na mwisho wa mwezi mistari myekundu inajaa. Wenye kazi za kutwa wana mwendo wao: deni la asubuhi linafutwa jioni ileile.

Ukurasa mmoja ulinisimamisha. Mteja alikuwa amekopa unga na dagaa tu, siku baada ya siku, bila mstari mwekundu hata mmoja. Nikauliza. Mangi akasema, “Huyo mume wake alikuwa kalazwa, Profesa. Ningemwambiaje alete hela kwanza?” Deni lile lililipwa kidogo kidogo, na ushahidi wake umo kurasa za mbele. Takwimu zetu za matumizi ya kaya zinatuambia kaya ilinunua nini na kwa bei gani. Daftari hili linatuonyesha siku ambayo kaya haikuwa na senti na bado ikala.

Hapo ndipo ninapoona tofauti ambayo ramani haiwezi kuionyesha. Supamaketi huishi kwa mkopo wa msambazaji: maziwa na mikate vinafika leo, malipo yanakuja baada ya siku 60, 90 au zaidi. Wadai wa Nakumatt walipopiga kura ya kuifilisi Januari 2020, kampuni ile ilikuwa imelimbikiza madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Kwa Mangi mkopo unatoka dukani kwenda jikoni. Ni kweli naye hukopa kwa muuzaji wa jumla wa Manzese au Kariakoo, lakini anaupitisha mkopo huo hadi kwa mama mwenye sufuria. Basi supamaketi ikifungwa, wa kwanza kuumia ni aliyeleta bidhaa na mfanyakazi aliyepoteza ajira. Duka la Mangi likifungwa, anaumia mlaji.

Hili tumewahi kulijaribu wenyewe. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka binafsi, hasa vijijini, ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Bidhaa ziliadimika upesi, Serikali ikalazimika kurudi nyuma. Wenzangu wa umri wangu wanakumbuka pia maduka ya kaya ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama alinituma kwenye foleni ya sukari na sabuni kabla hakujapambazuka, na mara nyingine nilirudi na kikapu kitupu.

Siyo kwamba supamaketi haina kazi. Bei yake imeandikwa, ina friji, tarehe ya mwisho wa matumizi inaonekana, na mwenye kiti cha magurudumu anapita bila kuvuka mtaro. Genge lina vumbi, na mizani ya bucha haiaminiki kila mahali. Kuhusu bei, Marc Wegerif, aliyeandika tasnifu yake ya udaktari huko Wageningen juu ya namna Dar es Salaam inavyolishwa, alionyesha mwaka 2017 kwamba mtandao huu wa watu wadogo unahudumia jiji kwa wingi na kwa bei ambayo supamaketi hushindwa kuifikia. Nimezipima faida hizo zote, na bado nasema duka lenye daftari ni miundombinu ya umma kama bomba la maji.

Lakini soko la Kariakoo, jengo la mbunifu Beda Amuli, lilipoungua Julai 2021, na wamachinga walipoondolewa kandokando ya barabara Oktoba ya mwaka uleule, sikuona ramani yoyote iliyopakwa rangi nyekundu. Halmashauri inapima fremu kwa ajili ya kodi. Haipimi kaya ngapi zinakula kupitia fremu hiyo, wala haiulizi zitakwenda wapi barabara ikipanuliwa.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wanaanza kazi hiyo ya kupima huko Sinza muhula ujao, mtaa kwa mtaa. Kwa kila duka na genge wataandika saa ya kufungua na kufunga, kipimo kidogo kabisa kinachouzwa, na kama kuna daftari. Matokeo tutayapeleka kwa maofisa mipango miji wa manispaa kabla hawajapitisha michoro ya barabara inayofuata.